Hodi Baada ya Sasisho

Usiku wa tarehe 19 Machi 2024, tukiwa bado katika kumi la kwanza la Ramadhani, nilirudi kutoka tarawehe nikiwa na nia moja tu, nayo ilikuwa kumwagilia shamba langu la Stardew Valley, ule mchezo wa kompyuta wa kilimo, kabla ya kulala. Kompyuta ilikuwa imekwisha kunitangulia. Mchezo ulikuwa umejisasisha wenyewe kutoka toleo la 1.5.6 hadi 1.6, nami nilikuwa nimeupachika modi 64, yaani nyongeza ndogo zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, zilizoandikwa kwa ajili ya toleo la zamani: nyingine za kuongeza wanakijiji, nyingine za kubadili rangi za mapaa, na moja ambayo kazi yake yote ilikuwa kuwavalisha kuku kofia. Dirisha jeusi la SMAPI, ile programu inayoziwezesha modi kufanya kazi ndani ya mchezo huo, lilijaa mistari myekundu, kisha kila kitu kikajifunga.

Nilikuwa mwanachama wa kikundi cha wachezaji wa Dar es Salaam, Nairobi na wachache walioko Ughaibuni, nikaandika kama nilivyolelewa kuandika: "Assalamu alaykum wapendwa, natumai mmefuturu salama. Naomba kuuliza." Nikaiweka simu kando, nikasubiri kuitikiwa. Dakika ishirini zilipita pasipo mtu kuniitikia, huku ujumbe wa wengine ukiteremka juu ya wangu kama mvua ya vuli. Nikaandika tena: "Mchezo wangu haufunguki, nisaidieni tafadhali." Safari hii nilijibiwa mara moja, na jibu lilikuwa neno moja: "Logi?"

Sikujua logi ni nini, na nilichokisikia katika neno lile kilikuwa kiburi. Huyu mtu hakuitikia salamu, hakunipa pole, ananitupia neno kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nilizima simu nikalala na hasira. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba yule bwana alikuwa akifanya jambo la upole kuliko wote waliokuwa kikundini, kwa sababu ndiye pekee aliyesimama mbele ya mlango wangu akaniuliza nimepatwa na nini.

Ili kuelewa hali ilivyokuwa kwake usiku ule, inafaa kujua sasisho lenyewe lilifanya nini. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyefanya kazi hiyo peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi kuutoa mchezo tarehe 26 Februari 2016. Kwa miaka mingi kila kitu kinachobebeka ndani yake kilitambuliwa kwa namba. Pasnipu, ule mzizi mweupe unaofanana na karoti ambao kila mchezaji hupewa mbegu zake 15 siku ya kwanza, ilikuwa kitu namba 24. Toleo la 1.6 liliruhusu vitambulisho viwe vya maneno, na pasnipu sasa huandikwa kikamilifu "(O)24", herufi ile ikionyesha aina ya kitu. Kwa mchezaji wa kawaida hilo si kitu. Kwa modi iliyozoea kuuliza "kitu namba 24 kiko wapi?" ilikuwa kama kurudi mtaani kwenu ukakuta nyumba zote zimebadilishwa namba usiku. Waandishi wa modi walikuwa wameandaliwa maelekezo ya kuhamia, na SMAPI 4.0.0 ilitoka siku ileile ya sasisho, lakini modi ziko maelfu, na waandishi wake ni watu wenye mitihani, kazi za mchana na watoto wanaoumwa. Kwa hiyo usiku ule wachezaji wengi walibisha mlango mmoja kwa wakati mmoja, na waliokuwa nyuma ya mlango walikuwa wachache, hakuna kati yao aliyelipwa hata senti.

Hapo ndipo salamu yangu ilipogeuka kuwa tatizo, nami nataka kulikalia jambo hili kwa muda kwa kuwa naliona likijirudia kila mara kwa sisi tunaozungumza Kiswahili. Kwetu kumwendea mtu na shida bila kumjulia hali ni utovu wa adabu. Ukifika kwa jirani kuazima kinu, huanzi na kinu. Unapiga hodi, unakaribishwa, unauliza za nyumbani, unapokea "nzuri" hata kama si nzuri, ndipo kinu kinatajwa kana kwamba umekikumbuka njiani. Utaratibu huu una hekima yake, maana unampa mwenye nyumba nafasi ya kuona kama wewe ni mtu au ni shida iliyovaa nguo. Lakini hodi ya mlangoni ina sharti ambalo hatulitaji kwa sababu limo ndani yake: mpiga hodi yupo pale. Akikaribishwa ataingia. Anayeandika "Naomba kuuliza" kisha akaiweka simu kando amepiga hodi akaenda zake sokoni. Atakayeitikia "karibu" atajikuta anazungumza na baraza tupu, naye akirudi baada ya nusu saa na swali lake, aliyemwitikia amekwisha kulala.

Wako watu, hasa wale wa kutoka tamaduni za mbali, wanaosema salamu iachwe kabisa. Mimi sikubaliani nao. Salamu haina uzito wowote wa kumchelewesha mtu ikiwa imeandikwa katika ujumbe uleule unaobeba shida. "Habari za usiku ndugu zangu, poleni na kazi" ni maneno manane, yanasomeka kwa sekunde mbili, na yanamkumbusha anayesaidia kwamba kuna mtu upande wa pili. Kinachochosha ni salamu inayosimama peke yake ikidai kuitikiwa kabla mambo hayajaendelea. Tangu nilipolielewa hilo, napiga hodi na kuingia kwa pumzi moja: salamu, shida, ushahidi, shukrani, vyote katika ujumbe mmoja, ili atakayenikuta hapo, iwe sasa hivi au alfajiri, awe na kila anachokihitaji kunisaidia pasipo kunisubiri niamke.

Huo ushahidi ndio ile logi. Logi ni faili la maandishi ambalo programu hujiandikia yenyewe kila inapofanya kazi, kama nahodha anavyoandika daftari la safari. Kwenye Windows, logi ya SMAPI hukaa katika folda ya StardewValley ndani ya AppData, katika folda ndogo iitwayo ErrorLogs, na jina lake ni SMAPI-latest.txt. Mistari ya mwanzo hutaja toleo la SMAPI, toleo la mchezo na aina ya kompyuta. Inafuata orodha ya modi zote pamoja na matoleo yake. Halafu huja zile ambazo SMAPI imekataa kuzipakia, na sababu yake kila moja. Unalipeleka faili hilo kwenye ukurasa wa smapi.io/log, unapewa kiungo, unakibandika kiungo kwenye swali lako. Ni kazi ya dakika mbili. Tahadhari ni kwamba faili hilo huandikwa upya kila mchezo unapofunguliwa, kwa hiyo ukishapata ajali usiufungue tena mara nane kwa hasira kabla ya kulichukua.

Nilipoisoma yangu hatimaye, majibu matatu kati ya manne niliyoyahitaji yalikuwa yameandikwa humo waziwazi, pamoja na taarifa kwamba baadhi ya modi zangu zilikwisha kupata matoleo mapya. Yule bwana wa neno moja aliniomba kitu ambacho kingeniponya hata asingerudi.

Watu wengi badala ya faili hutuma picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, taa ya chumba imeakisi katikati, na mstari unaohitajika umekatwa. Naelewa kwa nini, kwani picha ni rahisi na simu iko mkononi. Lakini maandishi hutafutika na kunakilika, na tena hula bando dogo kuliko picha, jambo ambalo sisi tunaonunua data kwa vifurushi tungepaswa kuwa wa kwanza kulithamini. Jambo moja tu la kujihadhari nalo kabla ya kulituma faili lolote la namna hii hadharani: nyingine hutaja njia ya folda yenye jina unalolitumia kuingilia kwenye kompyuta yako, na logi za seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, zinaweza kuwa na anwani za mtandao za wachezaji wenzako. Pitia kwanza.

Kisha kuna lile ambalo nimeliona hata kwa fundi wa redio pale mtaani kwetu Tanga. Mteja huleta redio akisema "imekufa tu yenyewe", na fundi akiifungua anakuta skrubu mbili hazipo. Hakasirikii skrubu, hukasirikia kufichwa. Baada ya sasisho kubwa, karibu kila mtu hujaribu kwanza kujitibu: amefuta folda fulani, amepakua modi kutoka kwenye tovuti asiyoijua, amefuata video ya miaka mitatu iliyopita. Halafu anauliza kana kwamba mchezo umeharibika wenyewe. Aibu hii haina faida. Anayekusaidia hatakucheka kwa ulichojaribu, ila atapoteza saa nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo kama hukumwambia. Mwambie ulichokuwa ukifanya, ulichotarajia kitokee, kilichotokea kweli, na ulichogusa baada ya hapo, hata kama ulichogusa ni cha kipumbavu.

Si Stardew Valley tu. Mchezo mwingine, Minecraft ya kompyuta, ile inayoendeshwa kwa programu iitwayo Java, ulipotoa toleo la 1.20.5 mwezi Aprili 2024, ilianza kuhitaji Java 21 badala ya Java 17. Wenye seva ndogo za kucheza na marafiki walikuta seva zao zimegoma kuwaka, na vikundi vikajaa kilio kilekile. Ukweli ni kwamba ujumbe wa hitilafu ulikuwa ukisema kila kitu: faili lina toleo la 65.0, na Java uliyonayo inatambua mwisho 61.0. Ukijua kwamba 65 ndiyo namba ya Java 21 na 61 ndiyo ya Java 17, umemaliza. Usipojua, kulitafuta sentensi hilo lilivyo kunakuletea jibu haraka kuliko kumngoja mtu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami nakubali, lakini anayeuliza kitu ambacho ujumbe ulio mbele yake umekitaja anamwomba mwenzake amsomee. Wakati mwingine hilo nalo ni sawa. Wapo wasiojua Kiingereza, na mistari hiyo yote imeandikwa kwa Kiingereza. Hao waseme tu kwamba lugha ndiyo iliyowashinda, na watapata mtu wa kuwatafsiria.

(Minecraft, kwa njia, inapoanguka huandika katika ripoti yake sentensi moja ya mzaha iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Mojawapo humwambia mchezaji asihuzunike, kwamba itafanya vizuri zaidi wakati mwingine, inaahidi. Sijawahi kuona programu nyingine yenye adabu ya kuomba radhi namna hiyo.)

Kuna swali moja ambalo naliona baya kuliko mengine yote, ingawa kwa juu juu ni la upole kabisa: "Modi hii itasasishwa lini?" Waandishi wa modi wamelisikia hadi limekuwa kama jina lao la utani. Ubaya wake haumo katika maneno, umo katika uhusiano unaoupendekeza. "Lini" ni neno la mdai. Humuuliza fundi cherehani uliyemlipa malipo ya awali, humuuliza mwenye nyumba aliyeahidi kuziba paa. Mwandishi wa modi hakuahidi kitu na hakulipwa kitu. Aliandika usiku kwa sababu alitaka kuku wavae kofia, akaona vyema kutugawia. Akiulizwa "lini" na watu mia mbili katika wiki moja, wengine baada ya kuulizwa huacha kabisa, na hapo modi inakufa pamoja na mashamba yaliyoitegemea. Kama unataka kujua hali ya modi, SMAPI ina ukurasa wake, smapi.io/mods, unaoorodhesha modi zipi zinafanya kazi na toleo jipya, zipi zimevunjika, na zipi zimepata mbadala usio rasmi. Ukishausoma ukakuta modi yako imeandikwa kuwa imevunjika, kilichobaki ni kuitoa na kusubiri, au kuendelea na toleo la zamani la mchezo. Na kama una neno la kumwandikia mwandishi, mwandikie kwamba modi yake umeipenda. Hilo nalo huwafikia mara chache mno.

Nimesema mengi juu ya wanaoomba kwa sababu mimi nilianzia huko. Sasa niseme ya upande wa pili, ambako makosa yangu ni makubwa zaidi.

Miezi ya mwaka ule ilivyokwenda, nilianza kuwasaidia wengine. Nilikuwa nimeshajua mahali faili zilipo, nimeshajua kanuni ya nusu kwa nusu: ukiwa na modi 64 na hujui ipi mbaya, unatoa 32, unajaribu, unaendelea na nusu yenye tatizo, na katika majaribio sita umebaki na moja. Nilijiona fundi. Tarehe 4 Novemba 2024 toleo la 1.6 lilifika kwenye simu, baada ya watumiaji wa simu kusubiri zaidi ya miezi saba, na kikundi kikafurika upya. Kijana mmoja kutoka Morogoro akaandika: "Dada shikamoo, mchezo unafunguka halafu unajifunga, nifanyeje?" Nikajibu katika sekunde tano, huku nikipika: "Marahaba. Futa mchezo, usakinishe upya."

Ushauri huo niliwahi kuutoa mara nyingi kwa watu wa kompyuta pasipo madhara. Kwenye Windows mashamba hukaa katika ile folda ya AppData, mbali na mchezo wenyewe, na ukiufuta mchezo mashamba hubaki. Kwenye Android sivyo. Faili za shamba lake zilikuwa katika hifadhi ya programu yenyewe, na programu ikifutwa, hifadhi yake hufutwa pamoja nayo. Sikumuuliza kama anatumia simu au kompyuta. Sikumuuliza kama ana nakala ya akiba. Tarehe yenyewe ingetosha kuniambia, maana siku hiyo waliokuwa wakipokea sasisho kwa mara ya kwanza walikuwa watu wa simu na wa vifaa vya michezo vya sebuleni. Baada ya robo saa aliandika tena: "Dada, sasa unafunguka vizuri. Ila sioni shamba langu." Lilikuwa na miaka minne ya mchezo ndani yake, alioucheza pamoja na mdogo wake wakipokezana simu.

Hakunitukana. Aliandika "haina shida dada, ndiyo michezo", nami nilitamani angenitukana.

Tangu siku hiyo nina mazoea ambayo wenzangu huyaona ya polepole. Kwanza naomba nakala ya akiba itengenezwe mbele ya macho yangu, na nasubiri hadi mtu aseme ameshaiweka na ni wapi. Ushauri wowote wenye neno "futa" ndani yake siutoi kabla ya hapo, na hata baada ya hapo nautanguliza na maelezo ya kitakachopotea. Nabadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukimwambia mtu afanye mambo matano na mchezo ukapona, hakuna anayejua lipi lilikuwa dawa. Na nisipokuwa na hakika nasema sina hakika. Katika siku tatu za mwanzo baada ya sasisho kubwa, hakuna anayejua mengi, hata wale wanaoandika kwa sauti ya uhakika; anayesema "nadhani, ila hebu asubiriwe mwingine athibitishe" humlinda muulizaji kuliko anayekimbilia kuwa wa kwanza kujibu. Mimi nilikuwa wa kwanza kujibu siku ile ya Novemba.

Kuhusu kejeli sitasema mengi. Ukichoka, nyamaza, mwingine atajibu, na muulizaji hatajua kwamba ulikuwepo. "Soma kwanza" bila kiungo cha kusoma ni namna ya kumfukuza mtu huku ukijifanya umemwelekeza. Na yule bwana aliyenijibu "Logi?" angeandika maneno matatu zaidi, "nitumie faili la logi", ningelala salama usiku ule. Lakini nimekwisha kumsamehe, kwani nimejua sasa alikuwa ameshaliandika neno hilo mara ngapi kabla yangu.

Limebaki la mwisho, ambalo wengi tunaliona dogo. Shida ikiisha, rudi useme ilivyoisha. Wiki chache zilizopita mtu mmoja mgeni kikundini aliutafuta mstari mwekundu uliokuwa ukimsumbua, akaukuta katika ujumbe wangu wa Machi 2024, ule nilioutuma siku tatu baada ya hasira zangu, nikiwa nimeshapata logi na kuibandika vizuri. Tatizo lake lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Chini yake palikuwa na ujumbe wangu mwingine wa siku iliyofuata: "Nimefanikiwa, asanteni sana wapendwa!" pamoja na maua matatu. Akaunukuu, akaniuliza kwa adabu zote, salamu na swali katika ujumbe mmoja: "Shikamoo dada, ulifanikiwaje?"

Niliupekua mchezo, nikaupekua ujumbe wangu wa siku zile, nikajaribu kukumbuka ni modi ipi niliyoitoa. Sikumbuki hata sasa. Nilimwitikia marahaba, nikamwomba logi yake, tukaanza kutafuta upya.